Sufuria Mbili za Shangazi Zuwena

Juzi binti yangu aliteleka sufuria jikoni, akapigiwa simu, akaisahau. Mimi nilikuwa ukumbini nakunja nguo. Kabla sijauona moshi niliinusa ile harufu. Haikuwa harufu ya chakula kilichoungua. Ilikuwa ya ile ngozi nyeusi ya sufuria inapoachana na bati lake, harufu kavu, chungu, inayokaa nyuma ya ulimi mpaka siku ya pili. Nilizima moto, nikafungua madirisha, nikamgombeza mtoto kiasi cha kunitosha kuitwa mama. Lakini nisikuficheni: nilikuwa natabasamu. Wengine harufu ile huwatia kichefuchefu. Mimi hunipa raha, tena raha mbaya, na leo nitakuelezeni nilikoipata.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikaa Mji Mkongwe, katika nyumba ya ukoo wa baba, nyumba ya zamani ya mawe yenye ngazi za mbao zilizosimama wima hata mgeni akizipanda alilazimika kushika kamba. Baba alikuwa Maskati kikazi, tukimuona kwa nadra. Ghorofa ya kati tulikaa mimi na mama. Ya juu alikaa shangazi yangu, Bi Zuwena, dada yake baba, mwanamke mrefu mwenye sauti tamu na mikono isiyokosa hina. Mama yangu, Bi Kazija, alikuwa mtu wa shamba, wa Matemwe. Kwa watu wa nyumba ile hilo lilikuwa kosa lililosamehewa kila siku, na kesho yake likawa halijasamehewa.

Shangazi ndiye aliyeianza biashara. Tajiri mmoja wa Darajani alimkabidhi sufuria pana, nyeusi kwa ndani, ambazo alisema chakula hakigandi hata upike bila mafuta. Dukani hazikwenda, kwani nani angeamini maneno matupu? Basi shangazi akawa anazipeleka majumbani. Mwenye nyumba aliwaalika jirani na jamaa zake, busati likatandikwa, sufuria ikapikiwa mbele ya macho yao, wakaonja, wakaagiza zao. Shangazi alisema, mama alipika.

Safari yao ya kwanza walikwenda Tunguu, kwa mke wa mwalimu mmoja wa chuo, na shangazi alibeba nusu ya nyumba. Alichukua jiko la gesi na mtungi wake, sahani za maua, vikombe, kitambaa cha meza, hata mito miwili ya kukalia. Vikombe vilivunjika njiani. Walipofika walikuwa wametota jasho, na wenyeji wakawapa pole kama waliotoka hospitali. Tokea siku ile mama alishika upakiaji.

"Unakwenda nyumba ya watu," aliniambia, nami nikiwa nimechutama ubavuni kwake. "Moto wanao, maji wanayo, sahani wanazo. Ukiwapelekea sahani zako unawaambia zao mbaya. Chukua wasichokuwa nacho, basi."

Vyote vikaingia katika kapu moja la ukili. Sufuria ilikaa chini. Ndani yake ukamiminwa mchele kidogo, na ndani ya mchele yakazikwa mayai manne, yasigongane. Pembeni ikasimama chupa ya maziwa iliyofungwa mdomo kwa mpira. Sukari na hiliki zilisokotwa katika karatasi. Mwiko wa mbao ulilala juu, na kifuniko kikaviringwa kwa kanga kuukuu iliyokuwa na kazi tatu: kuzuia kelele njiani, kushikia moto, na kufutia mwisho. Nikishamaliza kupakia mama aliniamrisha niliinue kapu kwa kidole kimoja. "Kikikuuma, toa kitu," alisema. Nilijifunza kutoa. Nilitoa kijiko cha pili, nikatoa chumvi, kwa sababu hakuna nyumba isiyo na chumvi. Siku kidole changu kilipoacha kuuma, mama alinibusu kwenye utosi.

Na kazi ilikuwa nzuri kuitazama. Mama alivunja yai katika sufuria kavu, likatandaa, likashika weupe, kisha akaitikisa sufuria mara moja na yai likateleza kwenye sahani kama limeitwa. Wanawake walisema mashaallah. Halafu akatia maziwa na sukari, akayaacha yachemke na kukauka mpaka yakawa mazito, nayo yakabanduka yote, sufuria ikabaki inang'aa. Shangazi hapo ndipo alipopaza sauti yake tamu. Zikaagizwa.

Kisha mzigo wa pili ukaja kutoka kwa yule tajiri, na sufuria zake hazikuwa zile. Kwa macho zilikuwa pacha. Ukizishika, zilikuwa nyepesi, bati jembamba lililopakwa weusi. Mama alimwambia wifi yake azirudishe. Shangazi alicheka, akaiweka ile sufuria nzito ya kwanza chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye shuka. Hiyo ikawa ya kuoneshea. Nyepesi zikawa za kuuzia. Nilikuwepo mlangoni siku mama alipomwambia, "Wifi, mie sipiki tena kwa sufuria ile," na shangazi akamjibu, "Usipike. Utaona nani atakuita."

Baada ya muda malalamiko yakaanza. Sufuria zilikuwa zinaambuka, vigamba vyeusi vinaonekana kwenye wali. Na siku moja tulialikwa kwa Bi Thuwaiba, mitaa ya Shangani, mama akiwa miongoni mwa waliosaidia kugawa kahawa. Ukumbi ulijaa wanawake, wengi wao walioagiza kwa shangazi. Mmoja akaanza, wa pili akadakia, na mara wote wamemgeukia Bi Zuwena.

Shangazi alifuta midomo kwa leso, taratibu.

"Jamani, mie mzigo nliupokea mzuri," alisema. "Lakini ulikuwa ukilala ghorofa ya kati, siyo kwangu. Na nasikia huko Matemwe siku hizi kila nyumba inapikia sufuria nyeusi, tena zile nzito. Mie sisemi kitu."

Alisema hasemi kitu baada ya kwisha kusema kila kitu. Wanawake wakamtazama mama, aliyekuwa amesimama katikati yao na dele la kahawa mkononi. Nilimngojea aseme. Nilimkodolea macho mpaka yakaniuma. Mama aliinama akaendelea kumimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa mbele yake, akamimina mpaka ikafurika ikamwagika kwenye kisahani. Bi Thuwaiba mwenyewe akamwambia, kwa upole wa kumwambia mtumishi, "Basi, weka hapo. Watoto watagawa."

Baada ya siku ile walimjibu mama salamu kwa kidevu. Kwenye shughuli za mtaa, ambako zamani aliitwa kuusimamia wali, hakuitwa hata kumenya vitunguu. Tulipopita vichochoroni, mazungumzo kwenye baraza yalikatika yakatungojea tupite. Mwizi. Hakuna aliyelitamka, na nililisikia kila mahali.

Nilimchukia shangazi yangu. Nasema hivi bila kupunguza, kwa kuwa watu wazima hupenda kuamini chuki ya mtoto ni ya kupita. Yangu ilikuwa ikilala na mimi na kuamka na mimi. Nilifikiria kumtilia chumvi kwenye chai, kumfichia kiatu kimoja, kumkatia kamba ya ngazi. Yote niliyaona madogo. Mama aliumizwa mbele ya watu, kwa hiyo na yeye lazima aumie mbele ya watu, na watu wawe wale wale.

Naye mwenyewe akanifungulia mlango. Alijaribu kupakia kapu lake, yakavunjika mayai, maziwa yakamwagikia buibui lake. Basi asubuhi moja sauti ikashuka kutoka juu:

"Nasra!"

"Naam, shangazi!"

"Wewe unajua kulipakia kapu kama anavyolipakia mama yako?"

"Nnajua."

Nilimtazama mama. Alikuwa akishona, na hakuinua uso. "Nenda," alisema. "Ni shangazi yako."

Nyumba mbili za mwanzo nilipakia kwa uaminifu, ile sufuria nzito chini, mayai ndani ya mchele. Nilikuwa natazama. Niligundua kwamba shangazi hakuligusa kapu kabisa. Nilipakia mimi, nikabeba mimi, nikamtolea vitu kimoja kimoja, naye macho yake yote yalikuwa kwa wanawake. Nikajua namna.

Siku alipokwenda kupima presha nilipanda chumbani kwake, nikatoa sufuria moja ya kuuzia, nikaijaribu jikoni kwetu. Nilivunja yai. Likateleza! Niliketi sakafuni nikakaribia kulia. Bati lile siku ya kwanza lilijua kudanganya. Kisha nikatia maziwa na sukari, nikakaa juu yake kama paka. Yalipoanza kukauka, chini pakashika. Harufu ikapanda. Nilipotia mwiko, weusi ukabanduka kwa vipande kama ngozi ya mjusi. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Sufuria ile niliitupa katika kisima cha uwani, na kwa nijuavyo iko humo mpaka leo.

Haikupita wiki, shangazi akaalikwa tena kwa Bi Thuwaiba. Binti wa nyumba alikuwa anaolewa, vyombo vilihitajika, na shangazi alikuwa amekwisha kuwaapia kwamba safari hii mzigo ni mpya na ameusimamia mwenyewe, hakuna mkono wa mtu. Aliniambia, "Pakia jepesi, Nasra. Ukumbi wao uko juu kabisa."

Nilipakia jepesi. Ile nzito niliiacha pale pale chini ya kitanda, nikaiviringa vizuri kwenye shuka. Nilichukua moja ya kuuzia, nikabandua karatasi iliyogandishwa kitakoni, nikafuta gundi kwa mafuta ya taa. Mayai, mchele, maziwa, vyote mahali pake. Niliponyanyua kapu kwa kidole, nilihisi kama halina kitu. Kwenye ngazi za Bi Thuwaiba shangazi akashika mkono wa kapu kunisaidia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nami nikaongeza hatua ili auachie.

"Leo jepesi, mashaallah," alisema. "Unamshinda mama yako."

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Wanawake walikuwa wale wale, wamejaa busati zima, udi unafuka, bibi harusi mtarajiwa kakaa pembeni anaona haya. Jiko la gesi la nyumba ile lilikuwa la moto mkali. Yai likaenda vizuri. Likateleza kwa uvivu kidogo, lakini likateleza, na wakasema mashaallah, na shangazi akawashukuru kwa tabasamu la mtu aliyesafishwa. Nikamkabidhi maziwa. Akamimina, akatia sukari, akatia hiliki, na ukumbi ukanukia vizuri hata nikaogopa kwamba Mungu yuko upande wake.

Akaanza kusema. Alikuwa msemaji hodari. Alisimulia jinsi mwanamke anavyozeeka akisugua masizi, jinsi bibi harusi atakavyobaki na kucha zake. Nyuma yake maziwa yalipanda povu, yakashuka, yakawa manjano. Mimi niliyatazama peke yangu. Kisha ikapanda ile harufu.

Bi Asya, mama mtu mzima aliyekuwa karibu na jiko, alikunja pua. "Zuwena, kuna kitu kinaungua."

"Hakiungui, Bi Asya. Ndo uzuri wake," shangazi alisema, akatia mwiko. Mwiko ukakwama. Akasukuma. Ukanyanyuka na bonge la maziwa, na chini ya bonge ngozi nyeusi ndefu ikaning'inia, na chini ya ngozi likaonekana bati jeupe.

Bi Asya alinyoosha kidole, akachukua kigamba kimoja, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Kama hiki nilikitoa kinywani mwa mjukuu wangu," alisema. "Na huu ndo mzigo mpya?"

Shangazi alinigeukia. Sitausahau uso ule, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiutoa kila nilipotaka kufurahi. "We mtoto! Umefanya nini? Siyo hii! Umeniletea ya kuuzia!"

Neno likatoka. Nililiona likimtoka, na nikamuona akilitambua, akafumba mdomo, muda umeshapita.

"Ya kuuzia?" aliuliza Bi Thuwaiba. "Na hiyo nyengine ya nini?"

Basi nikajibu mimi, nimesimama wima, mikono nyuma, kama nasoma kasida.

"Ile nyengine nzito iko nyumbani, chini ya kitanda cha shangazi, ndani ya shuka. Haijatoka hapo ila kwa kuja kuoneshwa. Matemwe haijafika hata moja. Mama yangu hajaiba kitu."

Nilitaka wapige kelele. Hawakupiga. Wanawake wa mjini hawapigi kelele. Walianza kuvaa mabuibui yao. Mmoja mmoja walimuaga Bi Thuwaiba, wakampita shangazi kama wanavyopita kiti. Yeye alibaki amepiga magoti mbele ya jiko, mwiko mkononi. Nilipakia kapu. Lilibaki jepesi. Njia nzima alitangulia yeye, mimi nyuma, na hakunigusa wala kunisemesha. Nilikuwa nimejaa utamu mpaka kooni. Nilihesabu mabaraza yote ambako watu walikuwa wakinyamaza mama akipita, na kila baraza nililipa jicho.

Mama aliyasikia yote kabla sijamaliza kupanda ngazi. Aliniuliza jambo moja tu: "Umefanya kusudi?"

"Naam."

Hakunipiga, hakunikumbatia. Aliingia jikoni, akapika uji wa mchele, akaujaza bakuli, akaupandisha juu kwa shangazi. Nililia kwa hasira. Sufuria zilirudishwa mlangoni kwetu kwa siku kadhaa, zikarundikana barazani, na aliyezipokea alikuwa mama, kwani shangazi hakushuka. Biashara ilikufa pale pale. Wale wanawake walianza tena kumsalimia mama, wakamwita kwenye shughuli, wakamsifu kwa subira yake. Hata mmoja hakumuomba radhi. Mama alipokea sifa zile macho yake yakiwa chini, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikahamia Tunguu, na shangazi yangu nilikuwa nikimpa shikamoo, naye akinijibu marahaba, na kati ya maneno hayo mawili hatukuwa na la tatu. Alifariki kwa maradhi ya moyo. Kwenye khitma yake nilikwenda kwa ajili ya watu. Tulikaa uwani, mimi na mama, tunachambua mchele kwenye sinia, na nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nimeitafuta huzuni moyoni nikaikosa.

Mama aliendelea kutoa mawe. Halafu akasema, "Mie nilijua."

"Ulijua nini?"

"Zile sufuria mbili. Nilijua tangu mzigo ulipoingia. Siku uliyonisikia nakataa, nilikuwa nimekwisha kupika kwa ile nzito nyumba tano, sita, huku najua tunauza nyengine." Alipepeta sinia, akalipuliza. "Nliipenda kazi ile, Nasra. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake wale kunisogezea mto nikae. Siku ile kwa Thuwaiba, na dele mkononi, ningesema nini? Wizi haukuwa wangu. Udanganyifu ulikuwa wetu sote."

Nilihisi mchele umekuwa mchanga vidoleni. Nilimuuliza kwa nini shangazi hakulisema hilo siku ile, mbele ya jiko. Angeweza. Neno moja, "na Kazija alijua," na mama yangu angezama naye, na hakuna kapu la mtoto ambalo lingemtoa.

"Angeweza," alisema mama. "Hakusema. Nilimpelekea uji kila siku nikimngojea aseme, na hakusema mpaka tumemzika."

Ndipo nilipofahamu nilichokifanya utotoni. Nilidhani nimemvua mama fedheha. Nilimvisha usafi usiokuwa wake, akakaa nao miaka yote ile akisifiwa, asiweze kuuvua bila ya kuniumbua mimi. Na mwanamke niliyemwangusha alikuwa na silaha mkononi, akaanguka nayo, hakuitumia. Nilitegemea kujua hilo kutanilainisha. Halikunilainisha. Lilinikasirisha upya, kwa kuwa alikuwa amenitangulia katika jambo jema na hakuniachia nafasi ya kumlipa. Na nikiulizwa leo, kapu lile ningelipakia tena vile vile.

"Hata hivyo, simsamehi," nilimwambia mama.

"Nani kakuomba?" alisema, akanisogezea sinia. "Tazama huo upande wako, una mawe."